Dakika Nane za Kisauni: Uchambuzi wa Sayari Iliyodhaniwa Kugunduliwa Mombasa

Usiku mmoja wa katikati ya Agosti, juu ya paa la zege la nyumba ya ghorofa tatu huko Kisauni, watu sita tulipiga karibu picha 400 za nyota moja ambayo macho matupu hayawezi kuiona. Kabla ya adhana ya alfajiri, kijana mmoja katika kundi letu, ambaye mchana ni fundi wa simu, alikuwa ameshawatumia jamaa zake ujumbe kwamba Mombasa imegundua sayari mpya, huenda yenye ukubwa wa dunia, na tulipokaa kunywa chai ya asubuhi ujumbe ule ulikuwa umefika Lamu na kurudi. Dai lile halikuwa la kweli. Hata hivyo halikuwa uzushi, na ndiyo maana naona linastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua: lilitokana na kipimo kizuri kilichofanywa kwa uangalifu, kikaharibiwa na hesabu iliyokosea mahali ambapo hata mabingwa wamewahi kukosea.

Nyota yenyewe inaitwa HD 189733. Ipo katika kundinyota la Mbweha, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 64, ni ndogo kuliko Jua letu na rangi yake inaelekea machungwa. Ina sayari iliyogunduliwa mwaka 2005 kutoka Ufaransa, jitu la gesi kubwa kidogo kuliko Mshtarii, linaloizunguka nyota yake kwa siku 2.2 tu, na kwa ukaribu huo joto lake hukaribia nyuzi 1,000 za Selsiasi. Hakuna anayeitafuta dunia ya pili mahali kama pale. Sisi tuliichagua kwa kuwa kila inapopita mbele ya nyota yake huziba takriban asilimia 2.4 ya mwanga, na mpito huo hudumu kama saa moja na dakika 50. Kwa mtu asiye na darubini kubwa, asilimia 2.4 ni zawadi. Sayari-nje nyingi, yaani zile zinazozunguka nyota nyingine zisizo Jua letu, huziba sehemu ndogo zaidi ya hiyo, na nyota zake ni hafifu mno kwa kamera ya kawaida.

Vifaa vyetu vilikuwa kamera ya mitumba, lenzi ya milimita 300, na mtambo mdogo unaoizungusha kamera polepole ili iende sambamba na nyota. Mtambo huo ulitutesa kabla ya nyota kututesa. Hutengenezwa kwa kuwafikiria watu wa kaskazini ya mbali, ambako nyota ya Jahi, ile waliyoifuata mabaharia wetu wakielekea Uarabuni, husimama juu angani. Mombasa ipo nyuzi 4 kusini ya ikweta. Jahi imezama chini ya upeo wa macho, na mhimili ambao anga yote huuzunguka umelala karibu sawasawa na bahari, nyuzi 4 tu juu ya upeo wa kusini. Skrubu ya mtambo ilifika mwisho kabla ya kushuka kiasi hicho. Seremala wa mtaani alituchongea kabari ya mvule, akaipima pembe kwa kipimapembe cha mtoto wa shule, akaipiga msasa mara tatu hadi mtambo ulipolala ulivyotakiwa. Kabari ile ndiyo kifaa ninachokithamini kuliko vyote, kwa sababu bila hiyo nyota ingetoka nje ya picha kila baada ya dakika chache.

Tatizo la pili lilikuwa unyevu. Mtu wa Pwani anajua kwamba kioo chochote kikiachwa nje usiku huota umande, na umande ukishatanda juu ya lenzi mwanga wa nyota zote hupungua, tena bila usawa. Tuliifunga lenzi kwa kanga kuukuu, na ndani ya mkunjo tukatia soksi iliyojazwa mchele uliopashwa moto kaangoni. Soksi ikipoa, nyingine ilikuwa tayari jikoni. Halafu tuliivuruga taswira kwa makusudi mpaka kila nyota ikawa kisahani kidogo badala ya nukta. Mgeni angedhani tumeharibu picha, lakini mwanga ukienea juu ya pikseli nyingi, dosari ya pikseli moja haina nguvu ya kupotosha hesabu. Kila picha ilichukua sekunde 30, kuanzia saa 2:45 usiku hadi saa 6:40. Taa za bandarini ziliing'arisha anga ya kusini, lakini nyota yetu ilikuwa kaskazini, kwenye kimo cha nyuzi 63 ilipofika juu kabisa, na upande ule giza lilitosha.

Kesho yake tuliulinganisha mwanga wa nyota yetu na wa nyota nne za jirani katika kila picha. Kulinganisha ndiko kunakookoa kazi: wingu jembamba likipita huzifunika zote tano, bali sayari huipunguzia mwanga nyota moja tu. Tulipozipanga nukta kwenye mchoro, bonde lilionekana bila kulazimishwa. Mwanga ulikwenda sawa, ukashuka kwa takriban asilimia 2.2, ukakaa chini kwa zaidi ya saa nzima, kisha ukapanda kurudi ulikotoka. Naandika haya nikiwa bado na hisia za siku ile. Kivuli cha ulimwengu mwingine kilipita juu ya paa la Kisauni, kikaingia kwenye kamera iliyonunuliwa mitumbani, nasi tukakitambua. Sina sababu ya kulificha hilo kwa vile tu yaliyofuata yalikuwa na kasoro.

Kasoro ilikuwa ya saa. Jedwali ambalo kijana wetu alilitumia lilisema katikati ya mpito ingekuwa saa 4:48 usiku, ilhali katikati ya bonde letu ilikuja dakika 8 na sekunde 20 mapema. Makadirio yetu wenyewe ya kosa la kipimo yalikuwa kama dakika mbili na nusu, kwa hiyo tofauti ile haikuweza kuitwa bahati mbaya. Kijana akatoa hoja ambayo nitaitetea, kwa kuwa waliomcheka baadaye hawakuisikiliza: sayari ikifika kabla ya wakati wake, huenda kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta. Ndivyo Neptuni ilivyopatikana mwaka 1846, kwa sababu Uranusi haikufuata njia iliyotarajiwa. Ndivyo pia wanafalaki walivyokadiria uzito wa sayari saba za nyota iitwayo TRAPPIST-1, kwa kupima jinsi kila moja inavyowahi au kuchelewa kwa mvuto wa jirani zake. Alichokosea hakikuwa wazo. Alikuwa na mpito mmoja tu mkononi, na mpito mmoja hauwezi kuonyesha kwamba sayari huwahi na kuchelewa kwa zamu. Unaweza kuonyesha tu kwamba kitu fulani, popote kilipo, hakilingani. Na pwani hii ina fahari yake katika mambo ya anga, kwani setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, na hamu ya kuliona jina letu tena huko juu ilimfanya aharakishe.

Hapa Mombasa tuna desturi inayofaa kwa jambo hili, nayo ni ya kuandama kwa mwezi. Mtu akisema ameuona mwezi mwandamo haambiwi mwongo, lakini huulizwa: uliuona ukiwa wapi, saa ngapi, ncha zake zilielekea upande gani, na nani mwingine aliyekuwepo. Niliwaambia wenzangu tuihoji picha yetu vivyo hivyo. Tulianza na lile ambalo kila Mswahili angelishuku, yaani saa yetu inayohesabiwa kuanzia machweo na mapambazuko: daftari liliandikwa saa 4:40, kamera ikaandika 22:40, na jedwali la kimataifa hutumia saa ya UTC, ambayo kwa wakati huohuo ni 19:40. Kuchanganya hizo kungeleta kosa la saa tatu au sita, wala si la dakika nane, kwa hiyo tuliliacha upesi. Tukabadilisha nyota za kulinganishia, tukazitoa moja moja, na bonde halikusogea. Tukazitupa picha zote zilizopigwa wakati soksi ya mchele ilipobadilishwa, na bado bonde lilikaa palepale.

Aliyetufungulia mlango ni mzee wa nyumba ya pili, baharia mstaafu wa meli za mizigo, aliyepanda juu jioni ile kutaka kujua kelele ni za nini. Kijana alimpokea kwa heshima.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mmepata nyota mpya."

"Ni sayari, babu. Imewahi kwa dakika nane."

"Imewahi kwa saa ya nani?"

Alieleza kwamba zamani, kabla ya setilaiti za kuongozea meli, walikuwa wakipima kimo cha nyota kwa sekstanti na kuandika wakati kutoka kwenye kronomita iliyofungiwa ndani ya sanduku, na kwamba kwenye ikweta kila sekunde 4 za kosa la saa humpoteza nahodha maili moja ya baharini. Kwa hiyo hawakuuliza kamwe saa ni ngapi tu. Waliuliza saa ipi, na imepotea kiasi gani tangu jana. Sisi tulikuwa tumeijali kabari, kanga na mchele, lakini hakuna hata mmoja aliyeipima saa ya kamera.

Tuliipima usiku uleule kwa njia rahisi: tuliipiga picha skrini ya simu iliyokuwa ikionyesha wakati sahihi kutoka kwenye intaneti, kisha tukasoma kamera ilidhani ni saa ngapi. Ilikuwa nyuma kwa sekunde 38. Saa iliyo nyuma huandika tukio kana kwamba lilitokea mapema, kwa hiyo kosa lilielekea upande uleule wa bonde letu. Lakini sekunde 38 hazitoshi dakika nane.

Kisha nikaliomba jedwali lenyewe, na hapo ndipo kisa kilipo. Wanafalaki hawaandiki tarehe kama sisi. Huhesabu siku mfululizo kuanzia mwaka 4713 kabla ya Kristo, bila miezi wala miaka, na hesabu hiyo huitwa JD. Jedwali la kijana lilikuwa na namba ndefu zinazoanza na 2460, na juu ya safu hiyo paliandikwa BJD. Aliichukua namba, akaigeuza kuwa tarehe na saa, akaongeza saa tatu za Afrika Mashariki, akapata saa 4:48. Herufi B hakuitia maanani, naye alikiri kwamba aliiona kama pambo. Herufi hiyo inamaanisha kwamba wakati uliotajwa ni ule ambao mwanga wa nyota ungefika kwenye kitovu cha uzani cha mfumo wetu wa jua, mahali palipo karibu na Jua lenyewe. Saa ya paa la Kisauni ni jambo jingine.

Tofauti kati ya mahali hapo pawili inategemea mwezi wa mwaka. Mwanga huchukua dakika 8.3 kutoka Jua hadi kwetu. Mwanzoni mwa Agosti dunia inakuwa upande wa Jua unaoielekea HD 189733, kwa hiyo mwanga wa nyota hutupitia sisi kwanza ndipo uendelee hadi kule kwenye kitovu. Kama nyota ingekuwa katika bapa la mzunguko wa dunia, tungewahi kwa dakika zote 8.3. Nyota hii imeinuka nyuzi 42 kutoka kwenye bapa hilo, na katikati ya Agosti dunia imeshasogea kidogo, kwa hiyo kinachobaki ni dakika 6 hivi. Juu yake kuna jambo la pili: hesabu ya BJD inayotumiwa kwenye majedwali haya hufuata kipimo cha wakati kilichotangulia UTC kwa sekunde 69, kwa sababu saa zetu za kawaida huongezewa sekunde mara kwa mara ili ziende na mzunguko wa dunia, nacho hakiongezewi.

Dakika 6, sekunde 69 na sekunde 38 za kamera: jumla ni dakika 7 na sekunde 47. Kati ya dakika 8 na sekunde 20 zilizotusisimua, zilibaki sekunde 33, ambazo ni ndogo mno kuliko kosa letu la kipimo. Hakukuwa na kitu kinachovuta. Kijana alikaa kimya kwa muda, kisha akasema neno ambalo mimi sikulifikiria: "Mwalimu, basi dunia niliyoipata ni hii hii yetu." Alikuwa sahihi kabisa. Sehemu kubwa ya tofauti ile ilikuwa alama ya dunia yetu ikizunguka Jua, imeandikwa ndani ya mwanga wa nyota ya mbali.

Mwaka 1676, mjini Paris, mwanafalaki Ole Rømer aliona kwamba kupatwa kwa Io, mwezi wa Mshtarii, kunachelewa dunia inapokuwa ikijitenga na sayari hiyo, akatambua kwamba mwanga hausafiri kwa papo hapo. Kilichokuwa kosa kwenye daftari letu ndicho kilichokuwa ugunduzi kwake, kwa kuwa yeye aliuliza kosa linatoka wapi kabla ya kulipa jina. Mfano wa karibu zaidi ni wa mwaka 1991, wakati wanafalaki wa Manchester walipotangaza sayari inayoizunguka nyota ya nyutroni, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, iitwayo PSR 1829-10 kwa muda wa miezi sita. Miezi sita ni nusu kamili ya mwaka wetu, na mtu angeweza kushuku. Januari 1992, kwenye mkutano wa wanafalaki huko Atlanta, Andrew Lyne, mmoja wao, alisimama mbele ya wenzake akaeleza kwamba mwendo wa dunia haukuondolewa sawasawa katika hesabu zao, na kwamba sayari ile haikuwepo. Ukumbi ulimpigia makofi. Katika mkutano huohuo Aleksander Wolszczan alieleza sayari za PSR B1257+12, nyota nyingine ya nyutroni, na hizo zilikuwa za kweli.

Nilimsimulia kijana kisa hicho kwa sababu baadhi ya wenzetu walimtaka aufute ujumbe wake kimyakimya na kuuacha usahaulike. Sikukubaliana nao, na bado sikubaliani. Aliandika ujumbe wa pili mrefu kuliko wa kwanza, akaeleza herufi B, saa ya kamera na dakika 6 za mwanga, akawatumia walewale. Jibu la shangazi yake kutoka Lamu lilikuwa swali: je, mwezi mwingine tofauti hiyo itakuwa ngapi? Ni swali bora kuliko yote tuliyoulizwa, na nitalirudia.

Kwanza niseme wazi tulikuwa mbali kiasi gani na dunia ya pili. Mtu aliye katika nyota nyingine akiitazama dunia yetu ikipita mbele ya Jua angeona mwanga ukipungua kwa sehemu zipatazo 84 katika milioni moja. Bonde letu la Agosti lilikuwa na kina karibu mara 260 zaidi. Mpito huo wa dunia hudumu saa 13, yaani ni mrefu kuliko usiku mzima wa Mombasa, hutokea mara moja kwa mwaka, na huonekana tu kwa mtazamaji aliye kwenye mstari unaofaa, jambo lenye uwezekano wa takriban nusu ya asilimia moja. Hakuna lenzi ya milimita 300 itakayoyashinda hayo. Nyota ya TRAPPIST-1, yenye sayari kadhaa zinazokaribiana na dunia kwa ukubwa, ipo umbali wa miaka ya nuru 40 na hupita karibu kabisa na utosi wa Mombasa, pungufu ya nyuzi moja kidogo tu. Usiku wa Septemba mtu akilala chali juu ya paa anaitazama bila kuiona, kwa kuwa ni hafifu mno. Mimi huwaonyesha vijana mahali ilipo hata hivyo. Nadhani ni vyema kujua kilicho juu ya kichwa chako.

Kinachowezekana kwa vifaa vyetu ni kutunza wakati, na kazi hiyo ina haja ya kweli. Muda wa mzunguko wa sayari ukijulikana kwa kosa la sekunde moja tu, kwa sayari ya siku 2.2 kosa hilo hulimbikizana hadi kufikia karibu dakika 14 baada ya miaka mitano, na darubini kubwa ya angani iliyotengewa saa chache inaweza kuanza kutazama kwa wakati usiofaa. Wanaopima mipito kutoka kwenye mapaa na nyua za nyumba zao huzisaidia ratiba hizo zisipotoke. Setilaiti ya TESS, inayotafuta sayari kwa kupima mipito na iliyorushwa mwaka 2018, ina pikseli pana kiasi kwamba nyota kadhaa huchanganyika ndani ya moja, na mara nyingi ni darubini ndogo za ardhini zinazoamua ni ipi kati yao iliyofifia. Hapo saa iliyo nyuma kwa sekunde 38 si jambo la kupuuza.

Tulilijibu swali la Lamu mwishoni mwa Oktoba. Wakati huo dunia inakuwa pembeni, wala haiielekei nyota wala haijaipa mgongo, na dakika 6 zile zinapaswa kushuka hadi sekunde chache. Kijana aliandika utabiri wake kabla ya jua kuchwa: tukiacha hesabu bila marekebisho, mpito utawahi kwa dakika moja na sekunde 20, na ukiwahi kwa dakika nane, yeye atarudi kwenye sayari yake ya pili. Saa ya kamera ilirekebishwa saa 12:50 jioni. Vuli ilikuwa imeanza; saa 2:10 usiku wingu la mvua lilifunika anga kwa dakika 14, tukaifunika kamera kwa kanga na mwavuli, kisha pakafunguka upande wa magharibi. Tulipata kingo zote mbili za bonde, na kosa la kipimo lilikuwa kama dakika tatu. Mpito uliwahi kwa dakika 2 na sekunde 5.